Rupia ya babu: usikimbilie kwa sonara

Na Mwandishi Wetu

KATIKA nyumba nyingi za mwambao, na nyingine nyingi kando ya Reli ya Kati, liko kopo. Zamani lilikuwa la biskuti au la maziwa ya unga. Ndani yake mna vifungo, funguo ambazo kufuli zake zimekwishasahaulika, sindano ya kushonea magunia na fedha ambazo hakuna duka litakalozipokea. Kopo hilo hukaa juu ya kabati miaka na miaka bila ya mtu kulijali. Siku mwenyewe anapofariki, na arobaini ikishapita, ndipo linapofunguliwa.

Hapo ndipo watu wengi wa nchi hii wanapoanza kukusanya sarafu, ingawa wenyewe hawajui kuwa wameanza. Wanachodhani wameanza ni utajiri.

Kinachofuata aghalabu ni mojawapo ya mambo matatu. Watoto wanazichukua zile zenye tundu katikati na kuzifanya magurudumu ya magari ya maboksi. Au mkubwa mmoja wa nyumba anazitia nyeupe mfukoni na kwenda nazo kwa sonara. Au mjomba anayejua mambo anatangaza kwamba hela ya Mjerumani ni mamilioni, na kuanzia siku hiyo nyumba haina amani. Jambo la nne, yaani kukaa chini na kuzisoma moja moja, hufanywa na wachache, na hao wachache ndio tunaowaita wakusanyaji.

Kwa msomaji wa ukurasa huu, ambaye amezoea bei za mahindi, korosho na dola, huenda jambo hili likaonekana la mchezo. Lakini ni soko kama masoko mengine. Lina bidhaa, lina wauzaji wasiojua wanachouza, lina walanguzi wanaojua, na tofauti ya bei kati ya makundi hayo mawili ni kubwa kuliko ile ya mkulima na mnunuzi wa korosho. Mkulima walau anajua kuwa anauza korosho.

Tuanze kwa sonara, maana huko ndiko sarafu nyingi za nchi hii zilikoishia.

Mazungumzo yenyewe hayana siri. Kijana anaingia dukani, anaamkia: "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, umetuletea nini?" Kijana anafungua leso. Mzee anaokota moja, anaigonga juu ya kioo cha meza asikie mlio wake, anaiweka kwenye mizani. "Fedha hii. Nitakupimia." Hapo biashara imekwisha. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Kwa sonara, rupia ni fedha iliyokwishatengenezwa kwa kipimo kinachojulikana, na masonara wa pwani wamekuwa wakiyeyusha rupia na reale kutengeneza vikuku, mitali na vipini tangu enzi za mabibi zetu. Lugha yenyewe inamuunga mkono, kwani kwa Kiswahili fedha ni chuma na fedha ni pesa, neno moja tu.

Hata hivyo kijana yule angeweza kupiga hesabu kabla ya kutoka nyumbani. Rupia ya fedha ya Mjerumani ina uzito wa gramu 11.66, sawasawa na rupia ya Kihindi iliyotangulia kutumika hapa. Katika kila sehemu 1,000 za rupia hiyo, sehemu 917 ni fedha tupu. Kwa hiyo ndani yake mna gramu 10.7 za fedha. Wakia ya madini ambayo bei yake hutangazwa duniani ni gramu 31.1, hivyo rupia tatu nzima zinapita wakia moja kwa kidogo sana. Ile reale kubwa yenye picha ya mama mnene, ambayo Wazungu huiita thaler ya Maria Theresa, ina gramu 28 na ushee, na fedha tupu ndani yake ni robo tatu ya wakia. Shilingi ya mkoloni Mwingereza, yenye simba na milima, ni ya fedha robo tu katika zile za 1921 hadi 1946, na zilizobaki ni madini ya kuchanganyia. Hesabu yake inatoka kamili bila baki: shilingi 16 ni wakia moja. Zile za 1948 na kuendelea hazina fedha kabisa.

Msomaji akijua bei ya wakia siku hiyo, anajua bei ya chini kabisa ambayo asikubali kushuka. Hiyo ni bei ya chuma. Sarafu iliyolika kwa kupita mikono mingi hupungua uzito, basi aipime.

Sasa bei ya chuma ni sakafu tu ya nyumba. Ukuta na paa ni mambo mengine: ziligongwa ngapi, zimebaki ngapi, imechakaa kiasi gani, na wako watu wangapi wanaoitaka. Hapa ndipo wanaoanza wanapojikwaa, kwa sababu wengi wanadhani kinachotoa bei ni umri. La hasha. Sarafu za shaba za Dola ya Rumi za karne ya 4, zenye umri wa miaka zaidi ya 1,600, huuzwa Ulaya kwa bei ya chakula cha mchana kwa kuwa ziligongwa kwa mamilioni na zingali zikifukuliwa mashambani. Umri bila uhaba haununuliwi na mtu.

Na uhaba hausomwi kwa macho, unasomwa kwa herufi. Mfano mzuri kuliko yote uko hapa hapa nyumbani.

Baada ya Kampuni ya Ujerumani ya Afrika Mashariki kuanza kutoa fedha zake mwaka 1890, rupia moja ilikuwa pesa 64. Pesa hiyo ni ya shaba, upande mmoja ina tai, upande wa pili maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria, 1307, 1308 au 1309. Mwaka 1904 serikali ya koloni ikachukua kazi hiyo na kugawa rupia katika sehemu 100 zilizoitwa heller. Ndiko lilikotoka neno hela. Mwenye heller alikwishaondoka zaidi ya miaka 100 iliyopita, lakini kondakta bado anadai hela. (Dala, ile sarafu ya shilingi 5, nayo imekwishatoweka mifukoni, ila jina lake tunalipanda kila asubuhi kwenda kazini.) Sarafu hizi zililetwa kwa meli kutoka Ujerumani, na chini yake zina herufi ndogo ya mahali zilikogongwa: A ni Berlin, J ni Hamburg.

Ilipokuja vita mwaka 1914, Mwingereza akafunga bahari. Meli ya fedha haikuja tena, na askari na wapagazi hawalipwi kwa ahadi. Mwaka 1916 Wajerumani wakaanza kugonga sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli mjini Tabora. Walitumia chuma kilichokuwapo: senti za heller 5 na heller 20 zikatoka za shaba ya manjano, na baadhi ya zile za 20 zikatoka za shaba nyekundu. Mihuri yake ilichongwa kwa haraka na ikawa inapasuka, ikabidi ichongwe mingine, na kila muhuri mpya ukawa na tofauti zake. Kwa hiyo leo mkusanyaji wa heller 20 ya Tabora huchukua kioo cha kukuzia na kuangalia kama taji ni kubwa au dogo, na kama ncha za herufi L katika neno HELLER zimenyooka au zimejipinda. Herufi ya mahali hapa ni T.

Karakana hiyo hiyo ikagonga pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tai upande mmoja na tembo mbele ya milima upande wa pili. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Ziligongwa elfu 16 na mia kidogo tu, kisha mwezi Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora na kazi ikakoma. Uzito wake ni gramu 7.17, na robo tatu ndiyo dhahabu, kama gramu 5.4 hivi. Ukiipeleka kwa sonara atakulipa gramu hizo. Ukiipeleka mnadani Ulaya, bei ni nyingine kabisa, kwa sababu kila anayekusanya sarafu za makoloni ya Ujerumani anamtaka tembo wa Tabora, na elfu 16 haziwatoshi, wala zote hazikusalimika.

Heller 20 ya shaba ya manjano, iliyogongwa mwaka ule ule, karakana ile ile, na mafundi wale wale, ziligongwa zaidi ya milioni moja. Zingali nyingi. Bei yake ni ya kawaida ambayo mfanyakazi wa mshahara anaimudu, isipokuwa zile zenye muhuri wa nadra. Kwa hiyo yule mjomba anayesema "hela ya Mjerumani ni mamilioni" amesema kweli kuhusu sarafu moja na amesema uongo kuhusu nyingine zote. Uongo wa namna hiyo ndio unaoangamiza watu, maana una punje ya ukweli ndani yake.

Umewaangamiza kweli. Kila mkoa una kilima, boma au mti ambao watu wanasema Mjerumani alizika mali yake kabla ya kukimbia. Watu wameuza ng'ombe na mashamba kununua ramani, vipimo na huduma ya wataalamu wa kuona chini ya ardhi. Rupia moja halisi huwa ndiyo chambo: mnunuzi anaonyeshwa hiyo moja, anaambiwa zipo sanduku zima, zinahitaji tu gharama ndogo za kuzitoa. Rupia yenyewe si ushahidi wa chochote. Zilitumika nchi nzima kwa miaka 25 na zaidi, na kuiona moja hakuthibitishi kuwapo sanduku zaidi ya noti ya elfu kumi inavyothibitisha kuwa benki iko nyuma ya nyumba. Isitoshe, rupia nyingi zinazokutwa makoponi si za Mjerumani hata kidogo. Ni za Kihindi, zenye kichwa cha Malkia Victoria au cha mwanawe, zilizoletwa na biashara ya jahazi na za kulipia mishahara ya ujenzi wa reli ya Kenya na Uganda.

Wanaochimba wanapaswa kujua jambo jingine. Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 vinalindwa, na kuvichimba, kuvifanyia biashara au kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Hela na shilingi hazimo katika mpaka huo wa mwaka. Sarafu za Kilwa zimo.

Masultani wa Kilwa waligonga sarafu zao za shaba karne nyingi kabla ya Vasco da Gama, ndogo kama kifungo cha shati, zenye jina la sultani na maneno ya kumtukuza Mungu ambayo vina vyake vya upande huu na upande ule vinaoana. Ufukweni Kilwa Kisiwani mvua huzifichua. Mgeni akizinunua kwa mtoto kwa bei ya soda, hasara si ya mtoto peke yake. Sarafu hizi hazina mwaka uliochapwa, hivyo kitu pekee kinachoweza kumwambia mtafiti ni ya lini ni mahali ilipolala ardhini na vigae vilivyolala pamoja nayo. Ikishatoka mfukoni mwa mtalii, imekuwa bubu. Linganisha na Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984: watafiti walikuta sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja, ndogo ndogo, na kwa kuwa zilitolewa kwa utaratibu, historia ya masultani wa mwambao ikabidi iandikwe upya. Na sarafu tano za Kilwa zilizookotwa na askari mmoja katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944, hadi leo zinawaumiza wataalamu vichwa, kwani hakuna aliyeweza kueleza zilifikaje huko.

Kwa anayeanza, basi, shauri ni kuziacha za Kilwa kwa makumbusho. Ukizikuta koponi mwa babu, peleka habari kwa ofisi ya mambo ya kale kabla ya kuzipeleka sokoni.

Kosa jingine la wanaoanza ni la mwaka 1780. Reale zote za Maria Theresa zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo. Lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Afrika ya Mashariki walikataa reale ya sura nyingine yoyote, hivyo Vienna ikaendelea kuigonga ile ile, na baadaye Rumi, London, Paris, Brussels, Birmingham na hata Bombay wakaigonga pia, kwa tarehe ile ile. Mtu anayekuambia kwamba reale yake ina umri wa miaka 240 kwa sababu imeandikwa hivyo, msamehe. Huenda ikawa imegongwa akiwa yeye amekwishazaliwa. Fedha yake ni halali, umri ndio wa kuazima.

Za bandia kabisa nazo zipo, na huuzwa zaidi katika maduka ya vikale yanayotegemea watalii. Mizani ndogo ya sonara na sumaku vinatosha kukamata nyingi. Fedha, dhahabu na shaba hazishikwi na sumaku. Rupia yenye gramu 9 si rupia, na tembo wa Tabora mwenye uzito wa njugu ni shaba iliyopakwa rangi.

Baada ya kujua ni halisi, watu wengi hufanya jambo moja la kusikitisha: huisugua. Hutumia majivu, chokaa, ndimu au dawa ya kung'arishia birika, mpaka kichwa cha Kaiser kikang'aa kama kijiko kipya. Kwa mama wa nyumba huo ni usafi. Kwa mnunuzi ni mikwaruzo elfu. Ule weusi au ukahawia uliojengeka kwa miaka ndio ngozi ya sarafu, na mkusanyaji yeyote mwenye uzoefu anaitambua iliyochunwa akiwa bado hajaishika. Thamani ya sarafu nzuri inaweza kushuka kwa nusu au zaidi kwa dakika tano za bidii. Vivyo hivyo sarafu iliyotobolewa ili kuvaliwa shingoni: kwa soko la wakusanyaji imerudi kwenye bei ya chuma. Zile zilizotoka na tundu lake kiwandani ni habari nyingine.

Kuzitunza hakuhitaji gharama. Bahasha ndogo za karatasi kavu, sarafu moja katika kila bahasha, na maelezo nje kwa kalamu. Hewa ya chumvi ya pwani ndiyo adui, pamoja na mifuko laini ya plastiki ambayo baada ya miaka hutoa ute wa kijani. Shika kingo, usishike uso.

Je, mtu asiye na babu wala kopo aanzie wapi? Hapa habari ni nzuri zaidi, maana kuanza ni rahisi kuliko kununua vocha ya simu.

Aanze na mfuko wake. Sarafu za 50, 100, 200 na 500 anazorudishiwa dukani zina vifaru, swala, simba na nyati, na hawezi kupata hasara, kwani akichoka anazitumia. Ile ya 500 ilianza mwaka 2014. Kisha ajitafutie zilizokufa: 5, 10 na 20 za enzi ya Rais Mwinyi, ambazo watu wanazo kwenye droo na hawajui wazifanyie nini. Kisha zile za kwanza za Benki Kuu za mwaka 1966, zenye picha ya Mwalimu: senti 5 ya samaki, senti 20 ya mbuni, senti 50 ya sungura ambayo wazee wanaiita sumni, na shilingi ya mwenge. Akizipanga juu ya meza kwa miaka, atakuwa na somo la uchumi ambalo hakulipata chuoni. Sarafu moja ya leo ya shilingi 500 ni sawa na sarafu elfu kumi za senti 5. Mfumuko wa bei, ambao kwenye ripoti ni asilimia, hapa unaonekana kwa jicho: sarafu ndogo zinakufa moja baada ya nyingine, kutoka chini kwenda juu, na sura za wanyama zinapanda daraja.

Hatua inayofuata, kwa mwenye hamu ya hadithi, ni senti 10 au senti 5 ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936, zile zenye tundu. Mwaka huo Mfalme George wa Tano alifariki Januari, mwanawe Edward wa Nane akashika ufalme, na kabla hata mwaka haujamalizika akauachia kwa sababu ya mwanamke. Huko kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kutoka kwenda kwa wananchi. Lakini senti zetu zenye tundu hazikuwa na mahali pa kuweka sura, zilikuwa na jina tu kuzunguka taji, hivyo ziligongwa mapema na zikaja. Wakusanyaji wa Uingereza wanaotaka fedha ya mfalme huyo iliyotumika kweli sokoni hulazimika kutafuta senti ya Mombasa na Dar es Salaam, au za makoloni machache mengine yaliyokuwa na tundu kama letu. Ziligongwa nyingi, bei ni ndogo, na hadithi ni kubwa. Hiyo ndiyo sarafu ya mwanzo iliyo bora.

Wenye asili ya chuo cha Kurani wana faida ambayo wengine hawana. Pesa ya Sayyid Barghash wa Unguja, yenye mizani upande mmoja, ina mwaka 1299 kwa tarakimu za Kiarabu, nao ni sawa na 1882. Wageni hununua vitabu ili waweze kusoma tarakimu ambazo mtoto wa Malindi au Makunduchi anazisoma bila kutulia.

Vitabu navyo vipo. Katalogi inayotumika zaidi duniani ni ile iliyoanzishwa Marekani na Krause na Mishler, na ndiyo sababu wauzaji hutaja sarafu kwa herufi KM na namba. Namba hiyo inamaliza ubishi wa ni sarafu gani. Bei zilizochapwa humo haziumalizi, kwa sababu ni za soko la Marekani na Ulaya, na bei ya katalogi ni anayotaka muuzaji, siyo anayokulipa mnunuzi. Mwenye duka anataka faida yake, kama mwenye duka la mitumba. Tofauti hiyo inaweza kumla mwekezaji mwenye haraka. Anayenunua leo ili auze mwezi ujao atapata hasara karibu kila mara, na heri aweke fedha zake kwenye dhamana za serikali.

Serikali zenyewe zimekwishagundua utamu wa wakusanyaji. Marekani, kati ya 1999 na 2008, ilitoa robo dola za majimbo yake 50, tano kila mwaka. Mamilioni ya watu wasiowahi kukusanya kitu wakaanza kuziweka kwenye mitungi. Robo dola iligharimu serikali senti chache kuigonga, na ile inayokaa mtungini haitarudi kudai kitu. Ni mkopo usio na riba wala tarehe ya kulipa. Tanzania nayo mwaka 1974 ilitoa sarafu za kuhifadhi wanyama pori: shilingi 25 ya twiga na shilingi 50 ya kifaru, zote za fedha, na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Hizo zililenga wakusanyaji tangu siku ya kwanza, na ndiyo sababu Mtanzania wa kawaida hajawahi kuziona.

Turudi kwenye kopo, maana kuna suala ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Kopo ni mirathi. Mtoto mmoja akiondoka na rupia 12 kwenda kwa sonara peke yake, ameuza na sehemu za ndugu zake, na ikija kujulikana baadaye kuwa moja kati ya hizo ilikuwa na herufi T, hakuna baraza la ukoo litakaloirudisha kutoka kwenye kikuku. Njia ya salama ni ya kihasibu. Zimwagwe juu ya mkeka mbele ya wote. Zihesabiwe, zipigwe picha pande zote mbili, zipimwe uzito, ziandikwe kwenye daftari: nchi, mwaka, herufi, hali yake, na kama yupo bibi anayekumbuka, mzee alizipata wapi. Shangazi atasema rupia ile kubwa ilikuwa mahari ya mama yake, na hiyo nayo iandikwe, kwani wanunuzi makini huuliza. Asaini kila mmoja. Kisha funguo za kabati akae nazo yule asiyekuwa na haraka ya fedha.